Dembo la misimu miwili: jinsi maoni ya wakaaji yalivyokusanywa kuhusu hifadhi ya bonde ndani ya Lubumbashi

Mwezi wa Agosti, katika ukumbi wa komini (wilaya ya mji) moja ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), ramani ya hifadhi ya asili iliyokusudiwa ilibandikwa ukutani, na katikati yake bonde tunaloliita dembo lilikuwa limezungushiwa mstari mwekundu. Ndani ya mstari huo zilichorwa njia za mbao, mahali pa kutazamia ndege, miti ya kupandwa na uzio. Kamati ya mtaa ilikuwa imeniomba niandike kumbukumbu. Mkutano ulianza saa nne asubuhi, siku ya kazi, ukaisha kabla ya saa saba, na sentensi ya mwisho niliyoandika ilikuwa hii: “Wakaaji wameupokea mpango; hakuna pingamizi kubwa.” Niliiandika kwa nia njema, nayo ilikuwa kweli kwa watu waliokuwa ndani ya ukumbi. Miezi kumi baadaye tuliifuta. Uchambuzi huu unahusu namna sentensi hiyo ilivyopatikana na namna ilivyokuja kufutwa. Sitalitaja bonde kwa jina, wala walioleta mpango, kwa kuwa mambo ya viwanja bado hayajamalizika.

Mtu asiye wa Katanga, eneo letu hili, anaweza kuliona dembo akadhani ni uwanja mtupu wenye nyasi. Ni bonde pana, lisilo na kina, ambalo mara nyingi halina hata mkondo wa maji unaoonekana. Kingoni udongo wake ni wa kichanga, katikati ni mweusi, mzito na wa kunata. Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910, imekaa juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Maji ya mji huingia katika vijito, vijito huingia Kafubu, Kafubu huingia Luapula, na kwa njia hiyo hatimaye hufika mto Kongo. Husemwa sana kwamba dembo ni sifongo linalotukinga na mafuriko, na ukutani siku ile palikuwa na karatasi iliyosema hivyo hivyo. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Mvua za kwanza dembo huzinywa, lakini likishashiba, na kwa kawaida huwa limeshiba ifikapo Februari, mvua kubwa hupita juu yake upesi na kutanda kila mahali palipo chini. Kwa hiyo faida ya kuliacha dembo bila nyumba haitokani na kunywa maji peke yake. Maji yanahitaji nafasi ya kutanda bila kumkuta mtu kitandani, na tofauti hiyo, ambayo katika ukumbi ilionekana ndogo, ndiyo iliyokuja kuamua mahali pa mstari mwekundu.

Dembo hili lina kalenda yake. Kuanzia Mei, maji yakishapungua, akina mama na vijana huingia kupanda lengalenga (mchicha), matembele, kabichi na vitunguu, wakichimba visima vifupi ambavyo maji yake hayako mbali na uso wa ardhi. Kadiri jua linavyokaza hadi Septemba na Oktoba, ndivyo wanavyoteremka kuelekea katikati, wakiyafuata maji. Humwagilia mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, na kati ya hapo wanunuzi wa rejareja huja na kununua tuta zima likiwa bado shambani, wakajichumia wenyewe. Kwenye kingo, wakati huo huo, vijana hufyatua matofali na kuyachoma. Mvua zikianza, matofali husimama, matuta ya katikati huzama, na wengi wa walimaji huhamia mashamba ya mahindi nje ya mji. Wanaobaki na dembo wakati huo ni watoto wanaovua visamaki, wanaokata nyasi, na wenye nyumba za chini ambao hulala wakisikiliza maji.

Sasa tazama saa nne asubuhi ya Agosti. Ni msimu ambao mlimaji hawezi kuacha matuta yake, na saa ambayo wanunuzi wako shambani. Ni msimu pia ambao mwenye nyumba ya chini hana habari na maji, kwa sababu kinachomsumbua ni vumbi. Waliokuja ukumbini walikuwa watumishi wa Serikali, wanafunzi, wachungaji wa makanisa, na kwa wingi zaidi watu walionunua viwanja kwenye mteremko na ambao bado hawajamaliza kujenga. Hao waliuliza maswali mazuri: kama barabara itafika, kama taa zitawekwa, kama wezi hawatajificha kwenye miti. Walikuwa na hamu ya kweli ya kuwa na mahali pa kupumzika na watoto siku ya Jumapili, na hakuna ubaya katika hilo. Mji wetu una watu wengi na vivuli vichache. Lakini jambo moja sikulitambua nilipokuwa nikiandika. Mstari mwekundu ulipita chini ya viwanja vyao. Ramani ilikuwa imechorwa kutokana na picha ya angani iliyopigwa wakati wa jua, na mchoraji alilifuata bonde mahali lilipoonekana bichi. Kila kilichokuwa juu ya mstari kilionekana kuwa ardhi kavu inayofaa ujenzi. Watu ambao hawakuwa na pingamizi ndio hao hao ambao mstari ule, bila kusudi, ulikuwa umewahalalishia viwanja.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake. Karatasi zote zilikuwa za Kifaransa, na mtaalamu alipojitahidi kutafsiri alisema “ardhi oevu”, neno la vitabuni ambalo katika mtaa wetu halimfikii mtu. Ilibidi mzee mmoja aseme, “Ni dembo ndiyo anasema,” ndipo vichwa vikainuka. Neno la pili lilikuwa zito zaidi. Kwetu ukisema parke, mtu anaona Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, au Kundelungu ya mwaka 1970, yaani mahali penye mlinzi mwenye bunduki na amri ya kutoingia. Wako waliokumbuka pia habari za Kahuzi-Biega kule Kivu Kusini, iliyoanza mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600,000, na Wabatwa, watu wa asili wa msitu ule, waliofukuzwa humo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi uliowapa haki, nao ukatangazwa mwaka 2024, karibu nusu karne baada ya upanuzi ule. Bonde la mtaani si Kahuzi-Biega, na sitaki kulinganisha mateso yasiyolingana. Ninachosema ni kwamba neno lile lilifika ukumbini likiwa na historia yake, wala hakuna aliyewaambia watu kwa uwazi kama hifadhi hii itakuwa na mlango wa kufungwa au la.

Sheria, kwa upande wake, haikukosekana. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira inampa kila mtu haki ya kushiriki katika maamuzi ya mazingira, na inataka uchunguzi wa hadhara ufanywe ili umma ujulishwe na kutoa maoni, mapendekezo na hata mapendekezo yanayopingana na mpango. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa asili nayo inadai wakaaji wahusishwe kabla ya eneo kulindwa. Upande mwingine kuna sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Mlimaji wa dembo amebanwa katikati ya pande hizi mbili: sheria za mazingira zinamtambua kama mtu wa kusikilizwa, sheria ya ardhi inamwona kama mtu asiye na kitu, kwa kuwa alichonacho mkononi ni ruhusa ya mdomo au kikaratasi cha chifu. Ndiyo sababu ukimwita ukumbini na kumwomba atie jina lake kwenye orodha, anaweza akaona afadhali asije kabisa. Daftari la maoni lililowekwa ofisini kwa majuma kadhaa lilipata maandishi machache, karibu yote kuhusu viwanja na barabara. Nadhani lilikuwa daftari la kweli, lililowekwa mahali pasipofaa: ofisi hufungwa saa ambayo mlimaji anatoka shambani, na kuandika kwenyewe kunahitaji mtu aliyezoea kalamu.

Mambo yaligeuka Februari. Mvua kubwa ilinyesha usiku, na asubuhi yake nyumba kadhaa za mteremko, zilizo juu ya mstari mwekundu, zilikuwa na maji ndani. Kamati ya mtaa iliwaomba wahusika wa mpango waje, si kwa mkutano, bali kutembea. Walikuja wawili, wakiwa na ramani ndani ya mfuko wa plastiki, na kijana mmoja alibeba mambo za mti, yaani vigingi, zilizopakwa rangi nyekundu. Tulianza kuzichomeka pale ramani iliposema. Mama mmoja mlimaji, ambaye sikuwa nimemwona ukumbini, alitufuata akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Tulipofika nyuma ya shamba dogo la mahindi alisimama. Kwenye mabua, kiasi cha goti, mifuko ya plastiki na majani makavu yalikuwa yamenasa, yote yakiwa kwenye kimo kimoja kama yaliyopangwa kwa mkono. Alimwambia mtaalamu: “Papa, maji haikuishia hapa. Ilifika mpaka kule, ku ule muti wa maembe.” Mtaalamu aliutazama mwembe, akaitazama ramani, kisha akang'oa mambo aliyokuwa ameichomeka na kuanza kupanda mteremko. Tulihesabu hatua hadi kwenye mwembe, nasi tukapita kati ya misingi mitatu ya nyumba iliyokwisha kumwagwa zege.

Nimeirudia asubuhi hiyo mara nyingi akilini. Mama yule hakutoa maoni kwa maana ambayo fomu zetu huielewa. Hakusema anakubali au anakataa hifadhi. Alitoa kipimo, tena kipimo ambacho picha ya angani ya wakati wa jua haikuwa nacho. Swali la ukumbini lilikuwa: je, mnaupenda mpango? Swali la shambani lilikuwa: maji hufika wapi, na nani hufanya nini hapa mwezi gani? La kwanza huzaa makofi au manung'uniko, na la pili huzaa ramani. Laiti ningeulizwa mwanzoni, ningesema tuanze na la pili, lakini sikuulizwa, na ukweli ni kwamba hata mimi sikulifikiria.

Hata hivyo matembezi ya Februari yalikuwa na upungufu wake. Wafyatua matofali hawakuwapo, kwa sababu hakuna anayefyatua tofali kwenye mvua. Walimaji wengi walikuwa kwenye mahindi. Mstari mpya uliopanda hadi kwenye mwembe uliamuliwa na watu wachache, nao uliwaumiza wenye misingi mitatu, ambao Agosti walikuwa marafiki wa mpango. Walikuja kulalamika, na walikuwa na hoja: walikuwa wameuziwa viwanja hivyo, wakalipa, wakaonyeshwa karatasi. Kuwalaumu wao tu si haki wakati aliyewauzia haonekani.

Ndiyo maana mkutano wa tatu, tukiyahesabu matembezi yale, ulifanywa Juni, ndani ya dembo lenyewe, saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa baridi ile ya Lubumbashi ambayo huwafanya watu wajifunge vitenge viwili na kutoa moshi mdomoni. Hapakuwa na meza wala viti. Watu walisikiliza huku wakimwagilia, na aliyetaka kusema aliweka chini arozwari yake, chombo cha kumwagilia. Ulikuwa mkutano mrefu kuliko yote mitatu, na wenye kelele kidogo kuliko yote. Wafyatua matofali waliomba wapewe misimu miwili ya kuhama, na wakaonyesha mashimo yao ya zamani ambayo yangeweza kuwa mabwawa ya ndege bila gharama ya kuchimba. Walimaji waliuliza jambo moja: kama uzio utapita kati yao na visima.

Kisha likaja suala la udongo. Mtaalamu wa kilimo aliyealikwa kutoka chuo kikuu alieleza kwamba katika mji huu huwezi kupanga matumizi ya bonde lolote bila kujua lina madini gani. Tanuri la shaba la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miongo mingi pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi, zikiacha shaba, zinki, risasi na kadmiamu juu ya udongo. Mabonde mengine hupokea maji yaliyopita kwenye mitambo ya kuosha madini. Alisema kwamba mboga za majani kama lengalenga huweza kuyavuta baadhi ya madini hayo hadi kwenye majani, na kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wa madaktari wa hapa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, ulikuta viwango vikubwa vya kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya madini katika Katanga. Alieleza pia kwamba kuna la kufanya: chokaa hupunguza uchachu wa udongo na kuyafanya madini kama shaba yasipande kwa urahisi kwenye mmea, samadi nayo husaidia, na kuosha majani vizuri huondoa vumbi lililoyakalia.

Kimya kilikuwa kirefu. Mama mmoja aliuliza: “Haya mulikuwa munayajua tangu lini?” Hakuuliza kwa hasira. Watoto wake wanakula bukari (ugali) kwa mboga hizo hizo. Kwangu mimi, hapo ndipo kosa kubwa la mkutano wa Agosti lilipoonekana, kubwa kuliko saa mbaya na lugha ngumu. Tuliwaomba watu maoni kuhusu ardhi huku kile ambacho wataalamu wanakijua kuhusu ardhi za mji huu kikiwa kimebaki vyuoni. Mtu hawezi kutoa maoni yaliyo huru juu ya jambo ambalo nusu yake imefichwa, hata kama haikufichwa kwa makusudi. Siku hiyo iliamuliwa kwamba udongo, maji ya visima na mboga vipimwe kabla ya mchoro wowote mpya, na matokeo yasomwe hapo hapo shambani, kwa Kiswahili, alfajiri.

Katika mkutano huo mtu mmoja alitaja Nyandungu, bonde la Kigali lililofufuliwa na kufunguliwa mwaka 2022 kama hifadhi ya karibu hekta 120, ikiwa na vidimbwi, njia za kutembea na za baiskeli. Ni kazi nzuri, na inaonyesha kwamba bonde lililoharibiwa ndani ya mji linaweza kurudi. Lakini Nyandungu ina kiingilio cha kulipwa na haina matuta ya lengalenga ndani. Kwa Kigali hilo linaweza kuwa sawa. Kwetu, ambako bonde ni jokofu na ni mshahara wa kaya nyingi, kunakili mchoro ule bila kunakili mazungumzo kungekuwa ni kuhamisha njaa kutoka bondeni kuipeleka mtaani.

Mpango uliotoka baada ya Juni unatofautiana na ule wa Agosti katika mambo ninayoweza kuyaonyesha kwa kidole. Mpaka umepanda hadi kwenye alama ya maji ya Februari. Katikati, penye udongo mweusi, pataachwa nyasi na maji peke yake. Ukanda wa kando umetengwa kwa ajili ya matuta, kwa sharti la vipimo: pakionekana hapafai mboga za majani, pataoteshwa nyasi za kuezekea na maua ya kuuza, na walimaji watapewa nafasi kwanza. Uzio umeondolewa, umebaki ua wa miti upande wa barabara tu. Kalenda ya vikao imeandikwa ndani ya mpango wenyewe: kimoja kila Juni, kimoja kila Februari, vyote viwili bondeni. Neno parke halipo tena kwenye kibao. Imekubaliwa paitwe “Dembo yetu”, kwa Kiswahili cha hapa, bila kusahihishwa.

Yasiyokwisha ni mengi. Wenye misingi mitatu hawajajua nani atawarudishia fedha zao, na kwa maoni yangu ni lazima aliyewauzia atafutwe kabla ya wao kuombwa waondoke. Orodha ya walimaji iliandikwa, lakini wengine walikataa kutaja majina, na wanaolima kwa kupanga matuta ya wengine hawakuandikwa popote. Kamati ya hifadhi ina viti vya walimaji, ila vikao vyake bado huitwa saa nne. Nimeandika barua kuhusu saa hiyo.

Vipimo vya udongo vimekwisha kuchukuliwa, kwa mifuko midogo iliyoandikwa namba, kutoka kwenye matuta na kutoka chini ya mwembe. Mambo nyekundu ziko mahali pake isipokuwa mbili zilizong'olewa. Moja tuliikuta imefanywa kiegemeo cha nyanya, tukamwachia mwenye nyanya, na mahali pake tukachomeka nyingine.